Deli Langu Liko Mikumi

Picha iliingia kwenye simu za watu wote kwa mpigo mmoja, na hilo ndilo lililomuumiza Vaileth. Angeipata peke yake angelia peke yake, akanawa uso, akafikiria la kufanya. Lakini picha iliangukia kwenye kundi la kamati ya harusi, na ikaangukia Jumamosi asubuhi, wanakamati wenyewe wakiwa wamejazana sebuleni kwao mpaka wengine wamekalia ndoo.

Aliyeirusha ni binamu yake, Tumwagile, anayeuza chipsi pale Mikumi yanaposimama mabasi ya Iringa. Alikusudia kumtumia Vaileth tu. Kidole kikateleza.

"Jamani," alisema Hildegarda, mpambaji wa kumbi, akiisogeza simu karibu na macho. "Huyu si bwana harusi?"

Alikuwa bwana harusi. Wenceslaus mwenyewe, wakili, ameketi kwenye baraza la nyumba ya wageni, shati nje, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha. Pembeni yake alikaa mwanamke kijana mwenye nywele fupi za kunyolewa vizuri, kavaa sweta la kiume. Vaileth alilijua lile sweta. Kifungo cha tatu alikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, siku aliyokosa mweusi. Na katikati yao, wote wawili wameliwekea miguu kama watu waliozoeana, palikuwa na deli la bluu, sanduku la kuhifadhia barafu.

"Hilo deli langu!" Vaileth alisema.

Nyumba ya akina Vaileth iko nyuma ya stesheni ya Kilosa, na tangu babu yake alipokuja kufanya kazi ya reli haijawahi kukosa kelele. Mtu akipita kuomba maji anatoka na habari mbili na sahani ya wali. Siku hiyo ilinyamaza.

Lile deli ndilo alilouzia juisi ya ukwaju na barafu pale stendi. Juzi Wenceslaus alikuja mbio kuliazima. "Nina kazi nalo, Vai," alimwambia, na yeye akalisugua kwa limau, akalikausha, akamkabidhi kwa mikono yake miwili. Akalisugua ili mwanamke mwingine aweke miguu!

"Alikuaga anakwenda wapi?" aliuliza Shangazi Sesilia, dada wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyepokea posa.

"Morogoro. Mahakamani."

"Morogoro iko kule," Shangazi alisema akielekeza kidole dirishani. "Mikumi iko huku."

Watu wakaanza kumwonea huruma, na huruma ya watu wengi ina kelele kuliko matusi. Mmoja akasema mwanamke yule anaonekana msomi. Mwingine akasema wasomi ndio wanavyonyoa. Vaileth alisikia neno hilo, msomi, likimwingia mbavuni. Yeye aliishia kidato cha nne. Na mama yake Wenceslaus, Mama Magreth, mwanamke wa milimani, wa kanisani, wa sketi iliyopigwa pasi hadi kwenye pindo, alishasema tangu siku ya posa: "Binti ni mzuri. Ila nyumba ile haina mlango." Siku ile Vaileth alicheka. Leo aliona kama mkwe alimaanisha kwamba mwanawe angetafuta nyumba yenye mlango.

"Cosmas!" alimwita kaka yake. "Washa Noah."

"Mafuta yapo robo."

"Robo inafika Mikumi."

Shangazi Sesilia alikuwa ameshafunga kitenge.

*

Kutoka Kilosa, kupita kijiji cha Ulaya, mpaka Mikumi, Shangazi hakunyamaza. Alipanga neno la kwanza atakalomwambia yule kijana, akalibadilisha, akalinoa upya. Vaileth hakupanga kitu. Alikuwa anaikuza ile picha kwenye simu, anakiangalia kifungo chekundu, anaishusha, anaikuza tena. Mtu anaweza kuazima sweta. Lakini sweta la mtu lina harufu yake, na huyu dada alishaijua harufu hiyo.

Walimkuta yule dada palepale barazani, peke yake. Jua lilikuwa kali na sweta sasa alikuwa amelifunga kiunoni kwa mikono yake, na hilo Vaileth aliliona baya zaidi. Suruali yake ilikuwa na tope lililokaukia magotini. Mguu mmoja ulikuwa juu ya deli.

"Habari za hapa," alisema Vaileth.

"Salama. Karibuni."

"Hatujakaribia. Wakili yuko wapi?"

"Anaoga."

Neno moja tu. Shangazi Sesilia alishika kiuno. "Anaoga," alirudia polepole kama anayeonja chumvi ya mboga. "Umesikia, Vai? Mwenzio anajua mpaka ratiba ya maji."

"Samahani, nyie ni ndugu zake?"

"Mimi ndiye mwenye deli."

Uso wa yule dada ukachanua. "Kumbe ndiye wewe Vai! Mimi naitwa Irine. Nimekusikia sana."

Alikuwa na meno mazuri, hata hilo Mungu hakumnyima. Nimekusikia sana! Yaani wanakaa, wanamzungumza, halafu wanacheka. Vaileth akainama kushika mpini wa deli. Irine akateremsha mguu haraka, akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Dada, nakuomba usiliguse. Subiri atoke akueleze."

"Nisiguse deli langu?"

"Ni lako, lakini kwa leo naomba..."

"Kwa leo ni la nani? Lako? Na sweta nalo kwa leo lako? Na mwenye sweta?"

Mwenye nyumba ya wageni alitoka jikoni na mwiko mkononi. Dereva wa lori la miwa aliyekuwa anakunywa chai akageuza kiti kabisa. Vaileth aliwaona watu, na badala ya kumtuliza, macho yao yakampa nguvu. Mfuniko ulizungushiwa utepe mwekundu wenye maandishi na saini. Wamelifunga kama zawadi, alijisemea. Akautia kucha, akauvuta, ukachanika kwa sauti ndefu.

"Dada, hapana!"

Ndani, kati ya mabonge ya barafu, zilisimama chupa tatu za kioo zenye kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyolala.

"Ulanzi!" Shangazi alipiga kofi. "Nilijua. Wamekuja kustarehe na pombe!"

Vaileth alinyakua chupa ya kwanza, akachana utepe wa mdomoni, akazungusha kifuniko, akaweka pua. Harufu iliyomjia ilikuwa ya ngozi iliyosahaulika kwenye ndoo, ikachanganywa na dawa ya chooni. Alikohoa, mkono ukalegea. Chupa ikapasukia sakafuni, na yale maji yakamwagikia kandambili zake, yakaenda zake taratibu kuelekea kwenye mfereji.

Irine alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Hakutukana. Machozi yalimtoka tu, kimya.

Ndipo Wenceslaus alipotokea mlangoni, taulo shingoni, povu likiwa bado sikioni. Aliangalia deli. Akaangalia utepe. Akaangalia vioo. Macho yake yalimfikia Vaileth mwisho kabisa, na ingekuwa heri yasingefika.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Neno lote lililonolewa tangu Ulaya likamkwama Shangazi kooni. Shikamoo haikataliwi. "Marahaba," alisema kwa hasira. Kisha, ili safari isipotee bure, "Marahaba, mhuni wee!"

Wenceslaus alikaa kwenye ngazi. Vaileth alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa uongo, hata kwa kusukumwa. Kwa mtu anayekaa chini kimya hakujiandaa.

"Haya maji ni ya nini?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia ndogo.

"Ya Kidodi."

Kesi ya Kidodi aliijua, nani hakuijua? Ndiyo iliyomnyima usingizi huyu mwanamume tangu wachumbiane. Kiwanda kipya cha ngozi kilikuwa kinafungulia uchafu wake mtoni kwa kuvizia. Watoto wakatoka vidonda miguuni, ng'ombe wakaharibu mimba, miwa ya pembezoni mwa mfereji ikawa njano. Wenceslaus aliacha kesi za viwanja zenye hela, akabeba ya wakulima wale.

"Mahakama haitaki maneno, Vai. Inataka maji yenyewe, yaliyochotwa siku bomba linapofunguliwa, na tangu yachotwe yasitoke machoni mwa mtu mpaka yafike maabara Dar. Tumelivizia lile bomba tangu masika. Juzi wakalifungua. Tukachota, tukafunga, tukatia saini, halafu shafti ya gari ikakatika hapa Mikumi."

"Na mlilala chumba kimoja?"

"Kimoja, kwa sababu anayelala ni mmoja. Mwingine anakaa na deli. Tunapokezana. Alfajiri ilikuwa zamu yake na baridi ilikuwa kali, nikampa sweta. Unataka nini kingine nikueleze?"

"Kwa nini uliniambia Morogoro?"

"Kwa sababu mara ya kwanza nilikuambia kweli."

Vaileth aliinamisha macho kwenye kandambili zake zilizolowa.

"Nilikuambia ukiwa unasuka nywele, pale kwenu uani," Wenceslaus aliendelea, bila kupandisha sauti. "Ukaapa hutamwambia mtu. Tulipofika mtoni bomba kavu, na mlinzi anatucheka, 'Karibuni wageni wa Kilosa.' Ulimwambia nani, Vai?"

Alimwambia Hildegarda. Hildegarda tu! Naye Hildegarda ana dada yake anayepika kantini ya kiwanda. Ilikuwa habari tamu, na mchumba wake ndiye shujaa ndani yake, angeimezaje?

"Nikikuambia wewe nimeiambia stendi nzima."

"Na yeye?" Vaileth alimwonyesha Irine kwa kidevu, kwa maana aibu ilikuwa inamchoma na wivu ulikuwa mahali pa kukimbilia. "Yeye ndiye wa kuambiwa?"

"Yeye hana kamati sebuleni."

Hilo lilimpata barabara. Alimgeukia Irine aliyekuwa amepiga magoti anaokota vioo na kitambaa.

"We dada. Niambie ukweli, hapa hapa. Unampenda?"

Irine alichelewa kujibu. Kidogo tu, kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye tope. Lakini Vaileth alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, na kule kuchelewa alikusikia.

"Njia nzima anakuzungumza wewe," Irine alisema. "Juisi ya Vai, kucheka kwa Vai, watu wa kwa akina Vai. Hata mtu angetaka, dada, angeanzia wapi?"

Hata mtu angetaka. Jibu lilikuwa la heshima na lilikuwa na mwiba, na Vaileth hakujua auchomoe vipi mbele ya watu.

Shangazi Sesilia alikuwa ameshaliona tatizo na ameshalipatia dawa. "Sasa mnalia nini? Chupa mbili si hizi zipo? Utepe si huo hapo kwenye begi? Fungeni upya, tieni saini zenu, safari iendelee. Nani atajua?"

Irine alitazama sakafu. Wenceslaus alilitazama lile bunda la utepe mwekundu kwa muda, na Vaileth, anayemjua, aliona jinsi alivyokuwa anautaka. Miezi ya kutembea kwenye matope ilikuwa machoni mwake. Akaomba moyoni auchukue. Auchukue, amalize, wasahau, waoane.

"Nitajua mimi, Shangazi," alisema mwishoni. "Na siku nikisimama kuwaambia wale wa kiwanda kwamba wamedanganya, nitakuwa nasimama na nini?"

"Basi kesi imekufa?" Vaileth aliuliza.

"Haijafa. Imeumia. Chupa mbili ziko na utepe wake mdomoni. Lakini deli lilifunguliwa, na wakili wao atauliza nani alifungua, kwa nini, aligusa nini. Irine akijibu watasema ni mtaalamu wetu wa maji, anajitetea. Mimi nilikuwa naoga."

"Niliyefungua ni mimi."

"Ndiyo."

"Basi nitakwenda kusema mimi."

Shangazi aliruka. "Utasema nini? Mtoto wa kwetu asimame Mahakama Kuu aseme alishikwa wivu akapasua chupa? Mbele ya mawakili, na Mama Magreth ameketi pale na sketi yake?"

"Si ndiyo ukweli, Shangazi?"

"Ukweli una mahali pake!"

"Vai," Wenceslaus alisema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kuoga sauti yake ilikuwa ile anayoijua yeye. "Watakucheka. Wakili wao atakuuliza wivu wa nini, mara kumi, kwa namna kumi. Atataka ulie."

"Nitalia. Nikimaliza nitamjibu."

Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Akasugua uso kwa taulo.

"Kuna jingine. Ukikubali, harusi haiwezi kuwa mwezi ujao."

Hata mwenye mwiko alisogea hatua.

"Mke wa wakili atasema nini mahakamani zaidi ya anachotaka mumewe? Ndivyo watakavyosema. Watasema nimekununua kwa pete. Neno lako litakuwa na uzito kama tu utasimama bado ni binti wa watu, ambaye nimeahirisha kumwoa. Na mpaka siku hiyo siruhusiwi kukuahidi kitu. Siwezi hata kukuambia kwamba baadaye tutaoana. Wakiuliza kama nilikuahidi, inabidi useme hapana, na iwe hapana kweli."

"Hiyo siku ni lini?"

"Sijui. Kesi hizi zinakwenda. Mwaka. Pengine zaidi."

"Na mwaka wote huo unafanya kazi na nani?"

Jibu lilikuwa limepiga magoti pale na kitambaa cha vioo.

Vaileth alihesabu kwa moyo, si kwa vidole. Ukumbi. Kadi zilizokwisha kugawiwa hadi Kilangali. Mama Magreth akiitikia kwa kichwa, "Nilisema." Na Wenceslaus barabarani na huyu mwenye meno mazuri, mvua na jua, Kidodi na Dar, bila pete kidoleni, bila hata neno la kumfunga. Angesema hapana, wangeoana mwezi ujao. Wenceslaus ni mtu wa neno lake, hilo hakuwa na shaka nalo. Angempata mzima mzima. Ila kila atakapomtazama mezani angeona yale macho aliyoyaona pale mlangoni.

"Siku ile ya kwanza," alisema taratibu, "ulinieleza kuna mtoto Kidodi hawezi kuvaa viatu."

"Yupo bado."

"Haya. Leta huo utepe. Nionyeshe pa kutia saini kwamba niliuchana."

Walifunga upya hadharani, mbele ya mwenye nyumba na dereva wa lori. Irine aliandika juu ya utepe mpya kwamba wa kwanza ulichanwa, na nani, na chupa ipi ilipotea. Wenceslaus akatia saini, Irine akatia saini, kisha Vaileth. Majina matatu yakakaa kwenye utepe mmoja, na lake likiwa la mwisho.

Fundi alikuja kusema gari tayari. Vaileth alitaka kupanda, mguu ukiwa umeshanyanyuka, Wenceslaus akatikisa kichwa.

"Wewe hutakiwi kulikaribia tena. Samahani."

"Hata kukaa mbele?"

"Hata mbele."

Hakumgusa. Alisimama karibu kiasi cha Vaileth kusikia harufu ya sabuni, mikono ameirudisha nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu. Ilikuwa mbaya kuliko kukumbatiwa mbele ya watu. Irine alifungua fundo la sweta kiunoni, akampelekea.

"Chukua, dada."

Vaileth alilishika. Lilikuwa na joto la mtu mwingine. Alitamani kulitupa, alitamani kulivaa. Akamrudishia.

"Zamu bado ziko. Kukipoa, atakayekaa macho avae."

"Asante."

"Usinishukuru. Sikupendi."

"Najua," alisema Irine, akapanda nyuma, akaweka mkono juu ya deli.

Wenceslaus alipanda, akawasha. Alimtazama mara moja kwenye kioo cha pembeni, mtazamo ambao hakuna wakili duniani angeweza kuuandika kuwa ahadi, na gari likaingia lami kuelekea hifadhini na Morogoro. Kiti cha mbele, upande wa abiria, kilikuwa kitupu. Vaileth alikikodolea macho mpaka gari likawa dogo, akijiuliza kitabaki kitupu mpaka wapi.

"Sasa," Shangazi Sesilia alisema, akijifunga kitenge upya kwa mikono isiyo na nguvu, "watu wamejaa nyumbani wanasubiri. Tunakwenda kuwaambia nini?"

"Kwamba harusi imesogezwa mbele."

"Na wakiuliza kwa nini? Maana watauliza. Hildegarda peke yake ataniua kwa maswali."

Vaileth alifungua mlango wa Noah, akaketi, akafunga mkanda.

"Hilo, Shangazi, watalisikia mahakamani."